Miezi mitano kabla ya Kilimanjaro: nianze na nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Wenzangu kazini wamepanga tupande Mlima Kilimanjaro ili tuwe kileleni siku ya Uhuru, 9 Desemba, kwa njia ya Marangu, siku 5. Sijawahi kupanda mlima wowote. Kijana anayenifundisha jimu ameniambia nikimbie kilomita 10 kila siku. Nimepewa pia orodha ya vifaa ambayo bei zake zimenitisha. Nimebakiwa na miezi mitano. Nianze na nini? Na hiyo dawa ya mlimani inayosemwa, nimeze au nisimeze? Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, ana selimundu, ila mimi ni mzima kabisa.

JIBU: Marahaba dada. Kabla ya kuzungumzia mbio na buti, kuna neno moja kwenye barua yako lililonishtua: siku 5. Hilo likibadilika, mengine yote tutayapanga vizuri. Lisipobadilika, hata ukikimbia kutoka Tabata hadi Kibaha kila asubuhi unaweza kurudishwa ukiwa Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kambi ya Horombo, mita 3,720, kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tabata. Kileleni, mita 5,895, inakupa kama nusu. Mwili ukiona hivyo huanza kujirekebisha: unahema haraka zaidi, na figo zinasawazisha damu ili uweze kuendelea kuhema hivyo hata usingizini. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa, na misuli haiwezi kuiharakisha. Mazoezi yatakupa miguu, lakini hewa ile utaizoea kwa siku tu.

Sasa iangalie ratiba yenu. Geti la Marangu lipo kama mita 1,870. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu mnafika Kibo, 4,720, mnajinyoosha jioni, saa tano usiku mnaamshwa, saa sita mnaanza kupanda kileleni. Ni karibu mita 1,000 kila siku. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Siku 6 nazo hazitimizi kanuni hiyo, lakini zinakupa usiku wa pili Horombo, na mchana wake mnatembea taratibu hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, kisha mnarudi kulala chini. Siku hiyo moja nimeiona ikiwafikisha Uhuru, ndicho kilele chenyewe, watu ambao wasingefika.

Kwa tarehe yenu hesabu ni hii: kuingia getini tarehe 5 Desemba, Horombo tarehe 6 na 7, Kibo tarehe 8, kileleni alfajiri ya tarehe 9, kutoka tarehe 10. Raia analipa ada za hifadhi kwa shilingi, tena chini sana ya mgeni, kwa hiyo gharama ya siku ya ziada kwenu ni hasa chakula na ujira wa watu. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya koti jipya na siku ya sita, nunua siku. Wapo watakaokushauri Machame kwa siku 7 au Lemosho kwa siku 8, na kwa kuzoea hewa ni njia bora zaidi, maana unapandishwa hadi Lava Tower, juu ya mita 4,600, halafu unalala Barranco chini ya mita 4,000. Lakini huko mnalala kwenye mahema, na mwanzoni mwa Desemba vuli huwa haijaisha. Kwa mtu wa mara ya kwanza, kwenye mvua, mimi nachagua vibanda vya Marangu kwa siku 6.

Nina sababu ya kung'ang'ania hili. Niliwahi kuongoza kundi lenye kijana mkimbiaji wa mbio ndefu, mwenye mwili kama waya, na ratiba ilikuwa hiyohiyo ya siku 5. Siku zote mbili za mwanzo alitangulia mbele, nami nikamwacha. Horombo usiku alisukuma sahani pembeni bila kugusa chakula. Nikamuuliza kichwa kikoje, akasema kipo poa. Nikaamini mdomo wake. Kesho yake jioni, Kibo, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akihangaika na kamba ya buti: anaishika, inamponyoka, anaitazama kama kitu asichokijua. Nilimsimamisha nikamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole, na hatua ya pili aliniangukia. Huo ni ubongo unaovimba. Tuliteremka naye usiku uleule, watu wawili wamemshika mabega, na tulipofika Horombo aliomba chai. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile, jioni kambini naangalia sahani kwanza, ndipo namuuliza mtu hali yake. Na nguvu za mwili hazikumkinga. Zilimsaidia tu kufika haraka mahali ambapo mwili wake haukuwa tayari.

Kwa hiyo tuje kwenye mbio. Kijana wa jimu anakutakia mema, ila kilomita 10 kila siku kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia ni njia ya mkato ya kuumiza goti. Mlimani hakimbii mtu. Unatembea saa 5 hadi 7 kwa siku, na siku ya kilele ni saa 12 hadi 14 kupanda na kushuka. Zoezi la kutembea ni kutembea.

Mwezi wa kwanza tembea siku nne kwa wiki, dakika 45 hadi saa nzima, kwa mwendo unaokupa jasho lakini bado unaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Shuka kwenye daladala vituo vitatu kabla ya chako. Viatu viwe vilevile utakavyopanda navyo, nitakueleza baadaye kwa nini.

Mwezi wa pili ingia kwenye ngazi. Dar es Salaam haina milima lakini ina maghorofa. Jengo la ghorofa 12 ni kama mita 36 kwenda juu. Ukipanda mara kumi umepanda mita 360, na hiyo ni asubuhi nzuri kabisa ya Jumamosi. Sasa nisikilize hapa, maana wengi hukosea: wanapanda kwa ngazi na kushuka kwa lifti. Shuka kwa miguu pia. Siku ya kilele, baada ya kupanda usiku kucha, mtateremka kutoka mita 5,895 hadi Horombo, zaidi ya mita 2,100 kwa mchana mmoja. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yako siku hiyo, na breki hiyo hujengwa kwa kushuka. Shuka taratibu, goti limekunjwa kidogo, usijitupe kwenye kila ngazi. Watu wengi wanaolia kwenye mlima huu huwa wameshapiga picha zao kwenye bango la Uhuru, na wanachokililia ni magoti.

Mgongoni beba maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo anza na chupa mbili, ongeza moja kila baada ya wiki mbili hadi ufike kilo 6 au 7. Goti likianza kulalamika katikati ya safari, unamwaga maji na mzigo umepungua. Hilo huwezi kulifanya ukibeba matofali.

Mwezi wa tatu na wa nne tafuta mlima wa kweli, hata mdogo. Vilima vya Pugu vinatosha kwa kuanzia. Baadaye panda treni ya SGR asubuhi hadi Morogoro, tafuta mwenyeji wa kukuongoza, upande Uluguru hadi Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, na ukiona miguu bado ipo endeleeni kuelekea Bondwa. Lala Morogoro, na Jumapili utembee tena hata saa mbili. Kutembea ukiwa na uchovu wa jana ndilo somo lenyewe. Likizo ikiruhusu, nenda Meru. Ina mita 4,566, mnalala Miriakamba na Saddle, mnasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na mwendo wa usiku wa kuelekea kileleni unafanana sana na wa Kibo. Mwili husahau hewa nyembamba ndani ya wiki chache, kwa hiyo Meru ya Oktoba haitakubeba hadi Desemba. Ila utajua kichwa chako kinaumaje kikikosa hewa, na kuijua dalili yako mapema ni mtaji.

Wiki mbili za mwisho punguza. Fika Moshi tarehe 3, upumzike tarehe 4.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliuliza. Mdogo wako ana selimundu, na mmezaliwa baba mmoja mama mmoja. Basi yeye amepata kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na wazazi wenu wote wawili wanacho. Wewe usiyeumwa una uwezekano wa mbili kati ya tatu kuwa mbebaji, na mbebaji kwa kawaida hajisikii lolote. Mwenye selimundu yenyewe hapaswi kabisa kupanda mlima huu. Mbebaji ni suala jingine: wengi hupanda na kushuka salama, lakini wachache huko juu bandama yao hukosa damu, yakaanza maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Nenda hospitali uombe kipimo cha aina ya himoglobini, mwambie daktari wazi kwamba unataka kwenda mita 5,895, umsikilize. Akikuruhusu ukiwa mbebaji, mwongozaji wenu lazima ajue kabla ya geti. Maumivu ya upande huo yakitokea, mnashuka saa hiyohiyo, na mwisho wa kushuka ni hospitali.

Siku hiyohiyo pima wingi wa damu, maana upungufu wa damu ambao Dar unauita uchovu wa kazi, Horombo utakuangusha. Pima na presha. Halafu siku moja kabla ya kuondoka Dar pima malaria, na ukipata homa yoyote usipande. Kichwa, kutapika, mwili kulegea: malaria na ugonjwa wa mwinuko hufanana mno, na nimeona watu wakipewa pole ya mlima kumbe wamebeba mbu wa Pwani.

Dawa unayoisikia ni asetazolamaidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inazisaidia figo kufanya ile kazi niliyoieleza mapema kidogo. Haifichi ugonjwa kama panado inavyotuliza kichwa. Inaharakisha kuzoea kwenyewe. Kwa kujikinga, dozi inayotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini aandike daktari, si rafiki aliyekwenda mwaka jana. Kama uliwahi kubabuka au kuvimba kwa Septrini au SP, mwambie, kwa sababu dawa hii ina undugu na salfa. Kama una mimba, mwambie. Kama unatumia dawa za presha, mwambie. Ijaribu nyumbani siku mbili mwezi mmoja kabla, uone inavyokuchukua: vidole vitafanya ganzi kama vinachomwa sindano, soda itakosa ladha, na utakwenda haja ndogo mara nyingi. Kwa ratiba ya siku 6, ukiniuliza mimi, daktari akikubali, meza. Ila ukiwa unaimeza, kichwa kikauma na chakula kikakushinda, haikupi ruhusa ya kuendelea kupanda. Dawa ya mtu anayezidiwa ni kushuka. Dawa za usingizi na pombe acha kabisa huko juu. Usiku unaweza kuamka ukiona pumzi ilisimama sekunde chache kisha ikashtuka. Inatisha, lakini mwinuko hufanya hivyo kwa watu wengi wazima.

Sasa vifaa, na hapa nataka nikuokolee fedha. Nunua buti, soksi na nguo za kugusa ngozi. Vingine vyote ama vipo mitumbani ama vinakodishwa Moshi na Marangu.

Buti nunua wiki hii. Liwe la kufunika kifundo, kubwa kiasi kwamba ukivaa soksi nene ukapiga ncha ya mguu kwenye ngazi, kidole hakigusi mbele. Vidole vikigusa ukiwa Tabata, kucha zitaondoka ukiteremka Horombo. Mitumba ya buti naiogopa. Soli za buti nyingi huoza kwa ndani zikikaa miaka stoo, hata kama juu buti linang'aa. Linatembea vizuri siku mbili, la tatu soli inaachia. Nimewahi kufunga soli ya mtu kwa kamba ya hema, vifundo vitatu, saa tisa usiku, karibu na pango la Hans Meyer, kati ya Kibo na kilele, vidole vyangu vikiwa vimekufa ganzi. Ukilazimika kununua la mtumba, likunje, bonyeza soli kwa kucha, na ikibonyea kama jibini au ikitoa unga, liache hapohapo. Kisha buti, jipya au la zamani, likamilishe miezi hii mitano mguuni mwako. Siku ya safari livae kwenye basi. Begi likipotea vingine vitaazimwa, buti halitaazimwa.

Nguo ya ndani isiwe pamba. Pamba ikinywa jasho haikauki, na ukisimama dakika tano inakugeuka barafu. Huhitaji duka la bei mbaya: jezi ya mpira ya polista inafaa sana. Juu yake sweta la fulisi, juu ya hapo jaketi nene, na juu ya vyote jaketi la mvua na suruali yake. Kwenye soko la Memorial pale Moshi, au Karume huko kwenu, fulisi na majaketi ya Ulaya yapo tele. La mvua usimwamini muuzaji: livae, ingia bafuni, fungulia maji dakika kumi. Desemba mtapata mvua msituni, na huko juu mvua hiyohiyo ni theluji.

Vya kukodi ni mfuko wa kulalia, fimbo mbili, vifuniko vya mvua vya kuvaa juu ya buti, na hata lile jaketi nene kama hukulipata. Vuta zipu zote juu na chini mara tatu kabla ya kulipa. Usiku wa kilele baridi hufika nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, na upepo unazidisha. Glavu mbili, nyembamba ndani na nene juu. Mzula wa kufunika masikio. Na nywele, suka twende kilioni tu, kwa sababu rasta kubwa zinainua kofia na upepo unaingia nyuma ya shingo. Tochi ya kichwani na betri za akiba, ambazo utalala nazo ndani ya mfuko pamoja na simu, maana baridi hula chaji. Chupa ya maji igeuze kichwa chini begini: maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo mdomo wa chupa hautaziba. Ule mrija wa mfuko wa maji wa mgongoni huganda kabla ya saa nane usiku, usiutegemee. Miwani ya jua na mafuta ya jua ni kwa ngozi yetu pia. Theluji inarudisha mwanga usoni na midomo hupasuka. Na weka kanga moja. Kwa joto haifai kitu, lakini utabadilisha nguo nyuma yake, utafutia uso, utaifanya mto.

Begi utakalompa mgumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa huku kwetu, lisizidi kilo 15. Mzigo wake wote una kikomo cha kilo 20, na yeye anapita njia ileile unayopita, mara nyingi kwa viatu vibovu kuliko vyako. Mkitafuta kampuni, ulizeni wagumu wanalipwa kiasi gani na wanalala wapi. Anayekwepa swali hilo atakwepa na lako ukizidiwa saa nane usiku.

Kuhusu chakula, hamu itakwenda na lazima ule hivyohivyo: uji asubuhi, mtori jioni, chai ya tangawizi, maji lita tatu kwa siku. Ukiona unasukuma sahani, mwambie mwongozaji kabla hajakuuliza.

Kwa hiyo wiki hii mambo ni matatu: kipimo cha damu, buti, na mazungumzo na wenzako kuhusu siku ya sita. Hilo la tatu usilicheleweshe. Wiki ya 9 Desemba wanaotaka kuwa kileleni siku ya Uhuru ni wengi, na vitanda vya Horombo havitoshi wote, kwa hiyo anayepanga kulala pale mara mbili anatakiwa awe amelipia mapema.